Nimeingia kwa Mzee Onesphory kuchaji simu

Judith, shika simu! Nimekwama mwenzio.

Unakumbuka lile banda la gemu la Mzee Onesphory hapa Gitting, tulipokuwa tunawafunga wavulana mpaka wanataka kulia? Bado lipo! Nimeingia kuchaji simu tu, nikisubiri gari la Katesh.

Ndani hamna mtu. Mzee yuko peke yake anafuta vumbi kwenye TV. Nikamwamkia shikamoo, akanitazama weee, akasema, "Wewe si Restituta? Kaa, mwanangu, nikuwashie."

Ningekataaje? Nikacheza. Nikafunga bao, nikapiga kelele kama zamani.

Mzee akachukua simu yake palepale. Kumbe leo kuna mtu alikuwa anakuja kubeba TV zote, maana vijana siku hizi wanachezea kwenye simu zao. Akamwambia, "Usije. Siuzi tena. Wateja wangu wameanza kurudi."

Wateja, Judith! Wateja wenyewe ndio mimi!

Nikamwambia, "Mzee, mimi napita tu, kesho narudi Arusha." Akacheka. "Hata zamani ulikuwa unasema hii ndiyo gemu ya mwisho."

Gari limeshapita, nimelisikia likipiga honi. Mkewe kaleta chai. Kila nikisimama, mzee ananiwashia gemu nyingine.

Sasa hivi kaniuliza namwandikia nani. Nikakutaja. Akamwita mkewe kwa sauti, "Genoveva, washa na ile TV ya pili! Judith naye anakuja!"

Ameiwasha. Nimeshindwa kumwambia kwamba uko Dodoma.