Bingwa Mwenye Njaa, Kamwokya

Shikamoo dada Zuhura,

Kazi ya ngumi na mateke ina raha yake! Kampala nzima inanukia chapati na mayai, na mimi bingwa wenu hadi leo mchana nilikuwa sijala tangu juzi, ili nipungue uzito kabla ya pambano la kesho. Mchana nilikuwa nakimbia Kamwokya juani, nimevaa koti la plastiki, jicho limevimba kwa mazoezi. Mama mmoja Mkongo, muuza chapati, akanivuta mkono: "Kula, mutoto yangu. Na miye nilikimbia vita."

Niliona haya kumwambia kwamba mimi vita nimevifuata kwa nauli yangu. Nikala, akaniongeza, nikala.

Jioni tukapimwa uzito, nikazidi. Pambano limefutwa.

Wabusu watoto, na umwambie Mama anayeomba nisipigwe: dua imekubaliwa.

Mdogo wako, Salimu