Makofi ya Ijumaa

Nyumba ya Bi. Tuttle,
Hollywood, California.
13 Machi 1934

Mpendwa Shangazi Sigrid,

Tangu Ijumaa masikio yangu yamebaki na makofi. Nisamehe kuanza hivyo kabla sijakujulia hali. Goti linaendeleaje? Theluji imeanza kuyeyuka huko Duluth? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenipotea.

Unamkumbuka Dottie, yule binti wa miaka saba ninayemfundisha hapa studio. Ijumaa alitakiwa alie mbele ya kamera, akashindwa. Mwongozaji, Bwana Kessler, akachuchumaa akamwambia kwamba mama yake amepanda treni, amerudi Ohio, amemwacha. Mama mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya ukuta wa mbao, na alikubali. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka. Kamera iliposimama, mafundi wote wakapiga makofi.

Nilipolalamika, Bwana Kessler alicheka. "Mwalimu, wewe fundisha hesabu. Machozi niachie mimi."

Mama naye akanijia juu: "Dada, usinitazame hivyo. Kwetu sote tunakula kwa macho ya mtoto huyu. Kwani wewe unakula kwa macho ya nani?"

Alisema kweli. Ofisi ya elimu ya jiji ndiyo iliyoniweka hapa, lakini mshahara wangu unatoka studio.

Sasa Dottie hamwachi mama yake hata aende msalani. Darasani hasomi, anatazama mlango.

Jana wakagundua filamu ile ina mkwaruzo. Lazima alie tena leo, na uongo wa kwanza hautamwingia. Nilimsikia Kessler akimwambia msaidizi wake, kama mtu anayeagiza kahawa: "Safari hii tutamwambia treni imepinduka."

Bila kibali cha kazi kutoka ofisi ya elimu mtoto haruhusiwi kupita getini, na sheria inampa mwalimu uwezo wa kukiondoa. Ila mwalimu anayethubutu haitwi tena na studio yoyote. Nami nawaza pia watakula nini nyumbani kwa Dottie. Hilo linaniuma kuliko kupoteza kazi yangu.

Nisalimie Mjomba Nils, na Karin na kichanga chake. Mungu awajalie joto na amani. Baba usimwambie kwanza.

Leo asubuhi, kabla taa hazijawashwa, nimechukua kibali cha Dottie na kukirudisha ofisi ya elimu kwa mkono wangu.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye,
Ragnhild