Mchanga mweusi ndani ya asali

Jumatatu, 16 Juni
Uji, redio, kufagia ua. Nimestaafu ualimu lakini mwili bado unaamka kama shule inaningoja. Asumini, dada yangu mdogo, hakula. Dokta wa kupasua, aliyekuja hapa Kasongo kwa muda tu, anataka kumtoa uvimbe wa titi Alhamisi ya juma lijalo. Kisha anaondoka. Asumini anakataa. Anatibiwa na muganga wa kienyeji kutoka Wamaza. Amenionyesha: sumaku ya spika ya redio, imefungwa juu ya titi kwa kipande cha kitenge. Na chupa ya asali iliyochanganywa na dawa nyeusi. Anakunywa, sumaku inaivuta dawa hadi kwenye uvimbe. Ndivyo alivyoambiwa. Ngozi chini ya sumaku imechubuka, inatoa maji. Nimechukia.

Jumatano, 18 Juni
Kinachonikera zaidi: uongo huu umeibwa kwenye ukweli. Watafiti wanatengeneza kweli chembe za chuma, ndogo kuliko hata chembe za damu. Wanazibebesha dawa, wanazipitisha mshipani, na sumaku kali inazikusanya karibu na uvimbe. Kazi ngumu. Nguvu ya sumaku hupungua haraka ukisogea mbali nayo, na damu haisimami kuingoja. Bado wanajaribu. Ilitangazwa redioni, bila shaka muganga naye alisikia. Nimemweleza Asumini polepole, nikiitenga misumari na sumaku kwa karatasi ili aone nguvu inavyopungua. Akajibu, akiniita yaya kama wadogo huku wanavyowaita wakubwa wao: "Yaya, unaongea muzuri. Lakini iko inavuta. Niko nasikia."

Ijumaa, 20 Juni
Harufu chumbani mwake. Chini ya kitanda, kopo la maziwa lenye kifuniko. Ndani, mavi. Muganga amemwagiza asiyatupe: dawa isiyotumika lazima irudi kwa mwenyewe. Nimetoka nje nikatema mate.

Baadaye nikaelewa. Kabla ya uganga mtu huyu alikuwa akiosha dhahabu huko Kabambare. Dhahabu ikioshwa hubaki na mchanga mweusi, mzito, wenye chuma. Waoshaji huutoa kwa sumaku na kuutupa. Huyu anawalisha watu mchanga huo, halafu anauosha kutoka mavini na kuwapa wengine. Mshenzi.

Jumapili, 22 Juni
Nimeyaosha mavi ya kopo mwenyewe. Beseni, maji, sumaku nyingine ndani ya mfuko wa plastiki, kitambaa puani. Mzee wa umri wangu! Mchanga ukajaa kwenye plastiki. Nimemwonyesha Asumini. Nikamwuliza: kama ungevutwa hadi kwenye titi, ungekuwa hapa? "Umenionyesha mavi yangu," akasema. "Sasa nipige vigelegele? Iyi ni ile ilibakia tu."

Akanitaka nirudishe vyote ndani ya kopo. Nimeshindwa. Alhamisi inakuja. Siwezi kumburuta mtu mzima hospitalini.

Jumatatu, 23 Juni
Muganga amefika kwa pikipiki, viatu vinang'aa, kuchukua kopo. Nilijiandaa kugomba. Asumini akanitangulia.

"Muganga, na ile nilikunywa mimi, ilitoka kwa nani?"

"Mama, dawa inaoshwa. Haina jina."

"Taja."

Akacheka. Alidhani anaisifu dawa yake. "Ilipita kwa mama moja wa Kabambare. Mbele yake, ilianzia kwa muzee moja."

"Muzee iko wapi?"

"Alishakufa. Ule alichelewa kuja."

Asumini akakimbilia nyuma ya nyumba. Nilimsikia akitapika muda mrefu. Aliporudi alilifungua kopo na kulimwaga juu ya vile viatu. "Beba dawa yako," akasema. Muganga ameondoka akitukana mpaka barabarani. Mimi nami nimetapika.

Usiku ameniomba nimfungue kile kitenge. Kilikuwa kimegandia kidondani.

Alhamisi, 26 Juni
Amepasuliwa asubuhi. Dokta anasema uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko alivyotarajia, na kidonda cha sumaku juu yake kilimsumbua. Hajui kama ameumaliza. Hakunificha, namshukuru.

Asumini ameamka jioni, midomo mikavu. Nimemlowesha kwa pamba. Nikaanza kumweleza jinsi dawa ya usingizi inavyofanya kazi mwilini.

"Yaya, nyamaza kidogo."

Nimeiweka pamba chini. Amelala tena, mkono wake ndani ya wangu. Naandika kwa mkono mwingine, vibaya.