Kisiwa Kina Njia Moja

(Kutoka daftari langu la zamani. Nimelichapa jinsi lilivyo.)

Alhamisi, Agosti 1995. Mfangano. Jua kali tangu asubuhi, na jioni hii upepo wa ziwa bado haujatulia.

Nimechoka. Uchovu wenyewe si wa likizo, ni wa palizi. Miguu inawaka, sauti imenikauka, na sufuria bado hazijaoshwa.

Kosa ni langu. Nilitaka Mama aone ziwa kabla macho yake hayajafunga. Daktari kule Bungoma alituambia yanaisha polepole na hayatarudi. Mama hakulia. Alisema tu, "Basi nipeleke nione maji yasiyo na ng'ambo." Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Nikasema tuvune kwanza. Tukavuna. Nikasema tupande. Tukapanda, tukapalilia, tukavuna tena, na mimi bado nasema, "Mama, ngoja kidogo."

Halafu safari yenyewe nikaipanga kama mtu asiye na kwao. Nikawabeba wote pamoja: Mama kutoka Myanga, na mume wangu Wafula na binti yetu Nekesa kutoka Kitale. Watu wa kwetu wakisikia watacheka mpaka waanguke. Mtu na mama mkwe wake! Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Mimi nilidhani kisiwa ni kikubwa, watapishana tu.

Kumbe kisiwa kina njia moja.

Kwenye boti Mama alikaa mbele kabisa. Wafula akakaa nyuma kabisa akiangalia tulikotoka, utadhani amesahau kitu Mbita. Kulala, analala kwa mwenye boti. Chakula napika mara moja, napakua mara mbili, sahani moja chumbani kwa Mama, nyingine nyuma ya nyumba kwa Wafula. Na maneno yote yanapitia kwangu. "Mwambie mama chai ni tamu." "Mwambie baba Nekesa asante." Siku tatu sasa. Ati likizo!

Leo tulipanda mlima. Mimi na Mama mbele, Wafula hatua hamsini nyuma, Nekesa akikimbia katikati. Njia ni nyembamba, mawe huku na huku, na kadiri tulivyopanda ndivyo Mama alivyozidi kuning'ang'ania mkono. Alikuwa anatafuta ardhi kwa vidole vya miguu. Nilijiambia ni uzee.

Nilijua si uzee.

Karibu na kilele kuna mwamba wa kupanda kama ngazi. Nikamvuta Mama, nikashindwa. Nikamsukuma, nikashindwa. Nikakaa chini nikalia kwa hasira, mbele ya mtoto. Miaka miwili ya "ngoja kidogo", halafu turudi tumebakisha hatua ishirini!

Wafula akaja. Alipita pembeni kwenye nyasi, uso ameugeuzia bondeni, akapanda mwamba. Akiwa juu akatupa mgongo, akanyoosha fimbo yake nyuma bila kugeuka.

"Mwambie ashike," aliniambia.

Mama akashika. Huyu ncha hii, yule ncha ile, na mimi nikisukuma kutoka chini, tukapanda. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Na huko juu, jamani, maji! Maji mpaka yanakutana na mbingu. Mama akasimama, akafunga leso yake vizuri, akatabasamu.

"Ni mengi," alisema. "Ni mengi kweli, mwanangu."

Alikuwa ameelekea kwenye jiwe kubwa la kileleni. Ziwa lilikuwa nyuma yake.

Kumgeuza sikuweza, maana kumgeuza ni kumwambia kwamba nimejua.

Wafula alikuwa amekaa mbali, bado ametupa mgongo. Akaanza kuongea kwa sauti ya mkutano wa baraza: "Nekesa! Si unaona hapo chini kwenye mawe maji ni ya kijani? Mbele kidogo yanakuwa buluu. Kuna mitumbwi mitatu, midogo kama maganda ya njugu. Kuna ndege weupe, wanakaa juu ya maji. Halafu hakuna kitu tena, Nekesa. Hakuna ng'ambo kabisa."

Aliendelea muda mrefu. Mama akageuka taratibu akifuata sauti, mpaka upepo wa ziwa ukampiga usoni.

Nekesa alikuwa ameshashuka zamani, anachuma mapera.

Sasa hivi Mama ameniuliza kama kesho tunaweza kupanda tena. Nimefungua mdomo kumwambia tungoje kidogo, miguu ipone. Nimeufunga.

Kesho tunapanda.