Mukeke Mdogo

Rumonge, Jumamosi usiku, Septemba 1972

Huyu Mzee Ramadhani, fundi baiskeli, amenikera kweli. Kaja mkahawani kwangu, kaketi, kaletewa samaki wake, kisha kapaza sauti watu wote wasikie: "Mama Zubeda, huyu mukeke iko mudogo! Na pilipili iko wapi?"

Nilitaka kumjibu vibaya.

Lakini tangu watu wengi wauawe hapa mjini mwezi wa tano, wateja wangu wanakula kimya, macho barabarani, chai wanaiacha nusu. Samaki akiwa mbichi, wanameza tu. Nani angethubutu kuinua sauti?

Leo yeye kalalamika, na wa meza ya pili wakacheka.

Niliingia jikoni nikalia kidogo. Kisha nikamchomea mukeke mwingine, mkubwa.

Bado naogopa kulala. Ila hata huyo mukeke mkubwa, mzee kalalamika kwamba ameungua. Alhamdulillahi.