Fimbo ya Kuvulia Kwenye Magugu

Ijumaa, Oktoba 2012

Basi nachukua ile ngumu. Johan wa ofisini aliniachia fimbo mbili za kuvulia, nichague moja aniuzie kabla hatujaenda bwawani kesho. Anasema samaki tunaomfuata, besi, hujificha kwenye magugu ya majini: unadondosha chambo polepole penye uwazi, na samaki akikamata unamvuta papo hapo, kabla hajajisokota humo.

Nilizijaribu sebuleni. Nati ikawa chambo, maua ya mke wangu Akinyi yakawa magugu. Fimbo laini ilipinda kama tambi, nati ikabaki kwenye majani. Ile ngumu iling'oa ua zima na udongo wake.

Akinyi alikuwa kwenye kochi. Hakugeuka.

"Na huyo samaki utamleta akiwa mzima?"

"Hatuleti. Tunampiga picha, tunamrudisha majini."

Alizima TV.

"Eish, Baba Brian. Unanunua fimbo, unaenda mpaka huko, unamshika, halafu unamrudisha."

"Eeh."

Ua nitanunua lingine. Kinachonisumbua ni simu ambayo Akinyi hupiga kwao kila Jumapili. Nimemwomba asimwambie mama yake. Mama yake anauza samaki Kisumu.