Glavu ya Kapteni wa Roketi

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako hajambo. Maumivu ya goti yamepungua, maneno hayajapungua.

Unauliza kwa nini kapteni wa roketi, katika katuni za gazeti ulizozikuta sandukuni mwangu, amevaa glavu mkono mmoja. Miaka ile baada ya Mapinduzi, magazeti hayo ya Kiingereza yalitufikia yakiwa yamefungiwa kashata, kwa hiyo hadithi ilikuwa na mapengo. Mimi niliyejua Kiingereza niliyaziba kwa ubishi. Nikaapa barazani kwamba mkono ulikatwa vitani, huko Mirihi, na glavu inaficha wa bandia.

"Labda kaungua tu kazini," akasema Fundi Haji, mshona viatu.

"Nyamaza! Wewe gazeti unalishika kichwa chini!"

Watu wakacheka.

Siku moja nikanunua kashata, nikakuta ukurasa uliokosekana: kapteni aliungua akitengeneza injini. Niliuficha mfukoni siku tatu, maana barazani sikuwahi kushindwa. Siku ya nne nikamsomea Fundi mbele ya wote.

Hakunicheka. Alisema, "Hebu rudia, bwana, pale nilipopatia."

Nikarudia, mpaka akatosheka.

Msalimie mama yako.

Babu yako